Mfupa na Nyongeza: Kiswahili katika Ufundishaji wa Visukuku vya Zamadamu kwa Vyombo vya Kisasa

1. Utangulizi

Mnamo mwezi wa Agosti mwaka wa 1984, Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa bingwa wa kutafuta mifupa ya kale, aliona kipande kidogo cha mfupa miongoni mwa kokoto karibu na mto mkavu wa Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Kipande hicho kilikuwa cha fuvu, nacho ukubwa wake ulikaribia ule wa kibiriti. Wengi wangalikipita wakidhani ni jiwe. Uchimbaji uliofuata, chini ya uongozi wa Richard Leakey na Alan Walker, pamoja na kazi ndefu ya kuchekecha mchanga, ulitoa mifupa ipatayo mia moja ya mtoto mmoja wa kiume aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mifupa hiyo ilipewa nambari KNM-WT 15000, ikahifadhiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na mwenyewe akajulikana ulimwenguni kwa jina la Mvulana wa Turkana.

Vyombo vya siku hizi vyaweza kumwezesha mwanafunzi ambaye hajapata kufika Nairobi kuielekeza simu kwenye sakafu ya darasa lake, akamwona mvulana huyo amesimama mbele yake kwa kimo chake kamili, ana ngozi na nywele, anageuza shingo kutazama dirishani. Hapana shaka kwamba somo la namna hiyo litamvutia mwanafunzi kuliko mchoro wa kitabuni. Hata hivyo, latuletea swali ambalo mchoro wa kitabuni haukulileta kwa uzito huo: katika yote anayoyaona mwanafunzi, ni yapi yaliyotoka ardhini Nariokotome, na ni yapi yaliyotungwa na mchoraji?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo ni la lugha kama lilivyo la sayansi. Tutaeleza kwa ufupi jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi, kisha tutazijadili istilahi zake, na mwisho tutaonyesha kwamba sarufi ya Kiswahili ina nyenzo za kutenga kilichopatikana na kilichoongezwa, nyenzo ambazo watungaji wa masomo ya aina hii hawana budi kuzitumia.

2. Chombo chenyewe

Wazo la kuchanganya picha iliyotungwa na mandhari halisi si geni. Mwaka wa 1968 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Ivan Sutherland, alionyesha chombo cha kuvaliwa kichwani ambacho kilimwezesha mtu kuona michoro ya mistari ikielea katika chumba alichomo. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 wahandisi wa kampuni ya ndege ya Boeing walilishughulikia wazo hilo kwa ajili ya kuwaongoza mafundi waliokuwa wakiunganisha nyaya. Ndipo lilipopata jina lake la Kiingereza ambalo sasa tunahangaika kulifasiri.

Simu ya leo hufanya kazi hiyo kwa njia ifuatayo. Kamera yake hupiga picha ya mahali, nayo programu hutafuta katika picha hiyo alama za kutegemea: ncha ya meza, ufa wa sakafu, doa la ukutani. Wakati huo huo vihisi vilivyomo ndani ya simu hupima mwinamo na mwendo wake. Kwa kuyalinganisha mambo haya mawili, programu hujua simu iko wapi na imeelekezwa wapi, na hivyo huweza kukiweka kielelezo mahali pamoja hata mtazamaji akizunguka. Ukikisogelea, kinakua; ukienda nyuma yake, unauona mgongo.

Kielelezo chenyewe aghalabu hutokana na kisukuku halisi. Fuvu hupigwa picha nyingi kutoka kila upande, au humulikwa kwa mwanga wa leza, au hupitishwa katika mashine ya eksirei ya kompyuta, kisha vipimo vikaunganishwa kuwa umbo la pande tatu. Maumbo ya namna hii sasa yanapatikana kwa walimu. Visukuku vingi vya bonde la Turkana vimewekwa katika mtandao wa African Fossils, kazi ambayo Louise Leakey alishiriki kuianzisha. Na mabaki ya Homo naledi kutoka pango la Rising Star nchini Afrika Kusini yalipotangazwa mwaka wa 2015, maumbo ya baadhi yake yalitolewa bure ili yeyote ayatazame.

Makavazi nayo yamekwisha kukijaribu chombo hiki. Mwaka huo wa 2015, makavazi ya Smithsonian ya historia ya viumbe mjini Washington yalitoa programu iitwayo Skin and Bones, ambayo huivika nyama na ngozi mifupa ya wanyama iliyosimamishwa katika ukumbi wao. Pale mtazamaji ana bahati moja: akiiteremsha simu, mifupa iko palepale, na kwa hiyo aweza kulinganisha. Mwanafunzi aliye darasani Lodwar au Kitui hana mfupa wa kulinganisha nao. Kwake yeye, mfupa na ngozi vyote vimetoka ndani ya simu. Hapo ndipo lugha inapohitajika kuifanya kazi ambayo macho hayawezi kuifanya.

3. Suala la istilahi

Istilahi inayotumiwa sana siku hizi kukitaja chombo hiki ni *uhalisia ulioboreshwa*. Istilahi hii ina kasoro mbili.

Kwanza, neno *uhalisia* lina makao yake tayari katika taaluma yetu. Mhakiki wa fasihi akisema kwamba riwaya fulani ni ya kihalisia, hana maana kwamba yaliyomo yalitokea. Ana maana kwamba mtunzi ameyapanga mambo ya kubuni yakafanana na yanayotokea. Msomaji wa riwaya huyajua makubaliano hayo, ndiyo maana hadanganyiki. Kwa bahati njema, maana hiyo ya kifasihi haitudhuru hapa. Twaweza hata kuitumia kuwakumbusha wanafunzi kwamba kufanana na kweli si kuwa kweli.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Kitenzi *boresha* chatokana na *bora*. Kusema kwamba uhalisia umeboreshwa ni kusema kwamba umefanywa kuwa bora kuliko ulivyokuwa. Katika biashara ya simu huenda sifa hiyo haina madhara. Katika somo la visukuku ina madhara, kwa maana yamfundisha mwanafunzi kwamba mvulana mwenye ngozi ni bora kuliko mifupa iliyochakaa, ilhali kwa mtaalamu thamani yote imo katika mifupa. Ngozi haikuuboresha ushahidi hata kidogo.

Tunapendekeza *uhalisia wa nyongeza*. Neno *nyongeza* halihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote aliyepata kununua nyanya sokoni. Mnunuzi hulipia fungu, na muuzaji humtilia moja au mbili juu yake. Mnunuzi anajua alicholipia na anajua alichoongezewa, naye hushukuru kwa vyote viwili. Lakini nyanya zikishaingia kikapuni, haijulikani tena nyongeza ni ipi. Jina hili, basi, lakitaja chombo pamoja na hatari yake.

Maneno mengine mawili yahitaji kuangaliwa. *Kisukuku* ni neno sanifu na linafaa, ila siku hizi mwanafunzi hulisikia zaidi katika mjadala wa tabianchi, ambapo hutajwa *nishati ya visukuku*, yaani makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mwalimu asipoeleza, mwanafunzi atashangaa kusikia kwamba fuvu ni kisukuku. Inatosha kusema kwamba kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa katika miamba, na kwamba makaa ya mawe nayo yalitokana na mimea ya kale iliyofukiwa. *Zamadamu*, neno linalotumiwa sana Tanzania kwa jamaa wa kale wa binadamu, nalo linastahili kuenea Kenya. Ni fupi, lasikika ndani yake *zama* na *binadamu*, na halimlazimishi msemaji kuamua mapema kama kiumbe anayetajwa alikuwa mtu kama sisi au la. *Mtu wa kale* hulazimisha jambo hilo.

4. Kilichopatikana na kilichoongezwa

Tumrudie Mvulana wa Turkana. Akionyeshwa kwa simu, mwili wake una matabaka matatu ambayo jicho huyaona kuwa moja.

Tabaka la kwanza ni mifupa yenyewe: sehemu kubwa ya fuvu, taya na meno, mbavu, pingili za uti wa mgongo, nyonga, na mifupa mirefu ya mikono na miguu. Mambo mengi yanajulikana kutokana na mifupa hii. Umbo la nyonga na la mfupa wa paja laonyesha kiumbe aliyetembea kwa miguu miwili kama sisi. Meno na ncha za mifupa ambazo zilikuwa hazijaungana zaonyesha kwamba alikuwa hajakomaa.

Tabaka la pili ni mifupa iliyokosekana. Mifupa ya viganja na ya nyayo karibu yote haikupatikana. Mchoraji hawezi kumwacha mvulana bila viganja, kwa hiyo huvichora kwa kufuata visukuku vingine au kwa kufuata binadamu wa leo. Mfupa wa upande mmoja uliokosekana huchorwa kwa kuugeuza wa upande wa pili. Hii ni nyongeza, lakini ina msingi unaoweza kutajwa.

Tabaka la tatu ni lile ambalo halina mfupa wa kulitegemea: rangi ya ngozi, wingi wa nywele, mdomo, jicho na mtazamo wake. Hapa mchoraji huongozwa na hoja za kisayansi zilizo na nguvu kiasi, na baada ya hapo na ladha yake mwenyewe.

Hata katika tabaka la kwanza, kupima ni jambo moja na kukisia ni jambo jingine. Kimo chake alipokufa kilikuwa yapata sentimita 160. Je, angalifikia kimo gani kama angaliishi hadi utu uzima? Watafiti wa kwanza walikisia kama sentimita 185. Mwaka wa 2010 watafiti wengine, wakichukulia kwamba ukuaji wake haukufuata ule wa vijana wa leo, walikisia sentimita 163 tu. Umri wake nao una mgogoro kama huo: mifupa ikilinganishwa na ya watoto wetu yaashiria miaka kumi na zaidi, ilhali uchunguzi wa meno waashiria miaka minane hivi. Mifupa ni ile ile. Kilichobadilika ni hoja. Mwanafunzi anayeliona jambo hili amejifunza sayansi. Anayeuona mwili tu akaukariri, amejifunza picha.

5. Upatanisho wa kisarufi kama nyenzo

Lugha ya Kiswahili haimruhusu msemaji kukitaja kitu bila kukiweka katika ngeli. *Kisukuku kilipatikana, fuvu lilipatikana, mifupa ilipatikana, mvulana alikufa.* Kiambishi cha nafsi katika kitenzi kinatangaza kila mara kama tunasema juu ya kitu kilichookotwa au juu ya kiumbe aliyeishi. Kiingereza hakina nyenzo hii kwa kiwango hicho. Jambo hili, ambalo wanaisimu tumelizoea hata hatulioni, ni hazina kwa mtungaji wa somo.

Tuchukue sentensi ambayo ni ya kawaida katika magazeti: *Mvulana wa Turkana aliyepatikana mwaka wa 1984.* Kisarufi ni sahihi. Kimantiki, yasema kwamba mvulana ndiye aliyepatikana. Kilichopatikana ni mifupa. Sentensi aminifu ni hii: *Mvulana wa Turkana, ambaye mifupa yake ilipatikana mwaka wa 1984.* Ni ndefu kidogo, lakini yahifadhi umbali ulioko kati ya mfupa na mwenye mfupa, na umbali huo ndio somo lenyewe.

Twapendekeza, basi, kanuni tatu kwa maandishi yanayoelea pembeni mwa kielelezo.

Kwanza, kila kilichopatikana kielezwe kwa ngeli yake na kwa wakati uliopita wa *-li-*: *Taya hili lilipatikana Nariokotome.* Pili, kila kilichojazwa kielezwe kwa *-me-* pamoja na msingi wake: *Kiganja hiki kimechorwa kwa kufuata visukuku vya zamadamu wengine.* Tatu, kila kilichokisiwa kitanguliwe na neno la kukisia: *huenda, yamkini, inakisiwa.* *Inakisiwa kwamba ngozi yake ilikuwa nyeusi.* Mwanafunzi akigusa sehemu yoyote ya mwili, kitenzi kitamwambia yuko katika tabaka lipi, hata kabla ya kuelezwa kwamba matabaka yapo.

Kiambishi *hu-* kitumiwe kwa uangalifu mkubwa. Tukiandika *Homo erectus hula nyama*, tumekosa mara mbili: *hu-* haina wakati, na kwa hiyo yamfanya kiumbe aliyetoweka aonekane kama angali yupo, tena haina kiambishi cha nafsi, na kwa hiyo yaficha ni nani hasa anayesemwa, mmoja huyu au jamii yake yote. *Walikuwa wakila nyama* ni bora, na bora zaidi ni kuongeza jambo tulijue kwa ushahidi gani.

6. Mfano wa somo: nyayo za Laetoli

Mvulana wa Turkana ni mfano wa mifupa. Laetoli, kaskazini ya Tanzania, ni mfano wa kisukuku ambacho si mfupa. Mwaka wa 1978 kikundi cha Mary Leakey kilikuta huko nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyoloweshwa na mvua, miaka ipatayo milioni 3.66 iliyopita. Nyayo hizo zilifukiwa tena ili zisiharibiwe na mvua, mizizi na miguu ya wageni. Msafiri afikaye Laetoli, kwa hiyo, haoni zile alizozifuata. Hapa uhalisia wa nyongeza una faida isiyo na ubishi: waweza kuonyesha, bila kufukua, kitu ambacho kukilinda ni kukificha.

Somo laweza kufanyiwa uani mwa shule. Programu hutandaza nyayo ardhini kwa ukubwa wao halisi. Wanafunzi hupima kwa utepe urefu wa unyayo na umbali wa hatua, huvua viatu na kutembea sambamba nazo, kisha hulinganisha. Baada ya hapo mwalimu huuliza: Je, walikuwa wangapi? Jicho huona njia mbili za nyayo. Lakini katika ile iliyo kubwa, nyayo zina kingo za kutatanisha, na watafiti walikata shauri kwamba mtu wa tatu alikuwa akizikanyaga nyayo za mwenzake aliyetangulia. Wawili wanaonekana, wa tatu anapatikana kwa hoja. Mwanafunzi na aandike sentensi mbili, moja ya wale wawili na moja ya yule wa tatu, na mwalimu azikague kwa vitenzi vyake.

Baada ya zoezi hilo, na si kabla, programu yaweza kuonyesha miili ikitembea juu ya nyayo. Tukianza na miili, nyayo zitakuwa pambo la sakafu.

7. Je, zamadamu apewe sauti?

Watungaji wa programu hupenda kumpa kiumbe sauti. Ni rahisi kumfanya Mvulana wa Turkana aseme, "Hamjambo, wanafunzi!" Kwa idara ya lugha, hili ni jambo la kushughulikiwa kwa uzito wa pekee, kwa maana asili ya lugha ni miongoni mwa maswali tunayoulizwa sana na tusiyo na jibu lake.

Mifupa ya Nariokotome imeingia katika mjadala huo. Ann MacLarnon aliupima mfereji wa uti wa mgongo, akaona kwamba ni mwembamba kifuani kuliko wa binadamu wa leo. Akatoa hoja kwamba mvulana hakuwa na mishipa ya kutosha ya kuitawala pumzi kama inavyohitajika katika usemaji. Wengine baadaye waliijibu hoja hiyo kwa kusema kwamba pingili za mvulana huyu zilikuwa na kasoro, na kwamba pingili za zamadamu wengine wa jamii yake si nyembamba hivyo. Suala halijafungwa. Programu inayomfanya aseme imelifunga kwa niaba ya wataalamu, na mtoto aliyemsikia akisema hatakumbuka tena kwamba palikuwa na suala. Asimuliwe, basi, na sauti ya mwalimu, naye mwenyewe aachwe kimya.

8. Hitimisho

Hatukusudii kusema kwamba kila shule inazo simu za kazi hii, au umeme wa kuzichaji. Mengi tuliyoyaeleza yaweza kufanywa kwa nakala ya fuvu ya plasta, kwa nyayo zilizokatwa katika karatasi kwa vipimo vilivyochapishwa, na kwa ubao wenye chaki za rangi tatu. Chombo si sharti. Sharti ni kutenga matabaka.

Wala hatusemi kwamba nyongeza iondolewe. Pasipo nyongeza, wengi wetu tusingeweza kuutazama mfupa wa paja tukamfikiria mtoto aliyekimbia kando ya ziwa. Tunasema tu kwamba anayeongeza aseme ameongeza nini.

Kwa wasomi wa Kiswahili kuna kazi mbili za kufanya. Ya kwanza ni kuketi pamoja na wataalamu wa visukuku, wa Kenya na wa Tanzania, tukaafikiana juu ya istilahi chache za mifupa, za miamba na za vyombo, kabla ya kila programu kujitungia zake. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na shule za msingi nyingi nchini Tanzania hufundisha kwa lugha hiyo. Wasomaji wa istilahi hizo wapo tayari. Ya pili ni kuyasoma maandishi ya programu kama tusomavyo tasnifu za wanafunzi wetu, tukiuliza kila kitenzi: nafsi yako ni ipi, wakati wako ni upi, na uliyajuaje haya?

Kipande alichokiona Kamoya Kimeu kilikuwa kidogo sana, na wala hakikuwa na ngozi. Alikitambua kwa kuwa alikuwa amejizoeza miaka mingi kutenga mfupa na jiwe. Mwanafunzi wetu, aliyezungukwa na picha pande zote, anahitaji mazoezi kama hayo, na ni juu yetu kumpa maneno ya kuyafanyia.